Kiraka cha Kushoto

Nilikuwa mshona vifungo, mkia wa fundi,
barazani kwa Jetha, Nachingwea, mwaka wa karanga.
Vumbi jekundu lilikuwa likitua juu ya kila kilicho cheupe,
na kule porini vifaru vilivyovuliwa mizinga
viling'oa visiki kwa mngurumo uleule:
kifaru, hata ukifunge jembe, hakisahau sauti yake.

Jumamosi mshahara. Mshahara foleni.
Vijana wa Ruponda, wa Mnero, wa Naipanga,
mifuko inalia, shingo ndefu.
"Fundi, chini inchi kumi na nane. Nisikione kiatu."
Hana kiatu.
Fundi Nannauka anapima, hasemi,
chaki sikioni, anaandika daftarini:
18, hana kiatu, nusu mbele.

Walijiita Wapindo.
Suruali zao zilifagia barabara kumshinda mfagizi wa bwana shauri.
Nywele zimepasuliwa njia kwa wembe,
njia iliyonyooka kuliko reli ya Mtwara.
Hawatembei, wanajipeleka,
bega moja chini, kana kwamba dunia imewapa mkono
nao bado wanafikiri kama waupokee.
Wazee waliwaita mabua:
marefu, matupu, yenye makelele kwa upepo mdogo.

Somoe binti Nalinga alileta hariri ya mwavuli wa ndege.
"Nikatie gauni. La kuzunguka."
Mama yake: "Hiyo ni nguo ya kuangukia."
"Basi nikianguka, mama, nitaanguka polepole."

Ndipo Chilumba akaleta koti.

Koti la Keya, la sufu, zito kama kiapo.
Kaka yake Mnali alirudi nalo toka Bama,
akalitundika msumarini miaka mitatu,
halivai, haligawi.
Kifuani kushoto, tundu. Ukingo wake mweusi.
Kidole changu kilipita chote.
"Kaka amekubali?"
"Kaka haongei."
Fundi akapunguza mabega, akabana kiuno,
tundu akaliziba kwa kipande cha kaki,
pembe nne, uzi mweupe, maana wa kaki ulikwisha.

Usiku ule klabuni, santuri ikikwaruza,
Chilumba aliingia na kiraka chake
na wenzake wote wakajiona
nguo zao zilikuwa nzima mno.

Jumatatu foleni ilipinda hadi kwa muuza chumvi.
"Kiraka, fundi. Kushoto. Uzi mweupe."
"Shati lako jipya, bado linanuka duka."
"Kiraka, fundi."
Senti thelathini. Akitaka na tundu chini yake, hamsini.
Nilishona thelathini na saba kwa juma moja,
vidole vikafa ganzi, nikalala navyo wazi.

Mnali alikuja Alhamisi.
Akaketi juu ya debe, asubuhi hadi adhuhuri,
maji akayakataa.
Vijana wakapita, wakarudi, kiraka, kiraka,
midomo yake ikawa inahesabu.
Nilidhani atampiga fundi.
Fundi naye alidhani: aliusogeza mkasi mbali.
Mwisho akafungua kinywa, sauti ina kutu:
"Lile koti si langu. Mlijua?"
Hatukujua.
"La Mkwinda, wa Nyangao. Kulikuwa na baridi.
Yeye alikuwa hasikii baridi tena."

Barabarani lilivuka kundi, kumi, labda kumi na wawili,
mabega yameinama, mapindo yanachota vumbi,
wanacheka, wala sikuona cha kuchekesha.
Mnali akasimama, akawasindikiza kwa macho
hadi kona ya stesheni.
"Wote wamepigwa palepale," akasema.
"Na tazama wanavyotembea."

Kisha akavua shati lake, akampa fundi,
akangoja kifua wazi, mbele za watu.

Daftari ninalo hadi leo. Mchwa wameanza na jalada.
Mstari wake upo, mwandiko wa haraka:
Mnali. Kushoto. Uzi mweupe.
Safu ya malipo, fundi hakuandika kitu.